Tuliougua Kichomi Tukapona: Maneno Yetu kwa Kamati za Parokia

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, kwa niaba ya wanakigango watatu wa wilaya ya Makete, mkoani Njombe, walioguswa na ugonjwa wa nimonia kati ya mwaka 2022 na 2024. Yamechapwa kama yalivyosomwa.)





Tulipoombwa kuzungumza tulidhani tunatakiwa kutoa ushuhuda kama ule wa siku za sala, yaani kusema tuliugua, tukaombewa, tukapona, halafu tukae. Tuliombewa kweli, na tunaamini sala zilisikika. Lakini mratibu wa afya alituambia tuseme yote, hata yale ya nauli na yale ya mashine, kwa sababu mliokaa mbele yetu ndio mnaopanga bajeti. Basi tutasema yote.

Sisi ni watatu. Yupo mama aliyeuguliwa na mtoto wa miezi tisa, yupo mwalimu wa shule ya msingi, na yupo mzee wa miaka 71 mkulima wa viazi. Tumekaa pamoja jioni tatu kuyaandika haya, na mwalimu ndiye amepewa kazi ya kusoma kwa kuwa ndiye mwenye miwani.

Baridi ya kwetu mnaijua. Mwezi Juni na Julai kuna asubuhi ambapo umande umeganda juu ya majani ya viazi, na watu hushinda jikoni, mlango umefungwa, moto wa kuni unawaka, mtoto yuko mgongoni kwa mama. Wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba baridi ndiyo inayoleta ugonjwa huu. Daktari alitufafanulia kwamba unaletwa na vimelea, bakteria au virusi, vinavyoingia katika mapafu. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, na vifuko hivyo vikijaa usaha na maji, mtu anavuta hewa lakini hewa haipati pa kuingia. Kukaa wengi katika chumba kimoja kilichofungwa huwapa vimelea njia ya kuhama kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na moshi nao una sehemu yake kubwa: Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba karibu unazidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Shirika hilo hilo lilihesabu kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri chini ya miaka mitano duniani, yaani 14 katika kila vifo 100 vya watoto wa umri huo.

Wazee wetu wanauita ugonjwa huu kichomi. Kwa mtu mzima jina hilo linafaa, maana ukivuta pumzi unasikia kisu ubavuni. Kwa mtoto mchanga, sisi tunaona jina hilo limetuchelewesha sana, kwa sababu mtoto wa miezi tisa hawezi kusema kwamba anachomwa. Mtoto huonyesha tu. Na asiyejua cha kutazama hataona kitu.

Tuanze na mtoto huyo. Ilikuwa Jumamosi, mwezi Juni 2022. Alikuwa na mafua na kikohozi kwa siku tatu, kama watoto wote wa msimu ule. Jioni homa ikapanda, akakataa ziwa, na kila alipotoa pumzi akawa anaguna kidogo. Baba yake alikuwa safarini, kazini katika mashamba ya miti. Zahanati ya kijiji ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa, kwa kuwa mhudumu pekee aliyekuwapo alikuwa amekwenda wilayani kufuata dawa. Bibi wa mtoto, ambaye amelea watoto saba mwenyewe na ambaye hatumlaumu hata kidogo, akasema, "Mwanangu, hiki ni kimeo. Kesho alfajiri tumpeleke kwa babu akikate."

Kwa wageni wetu tueleze. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Wapo wanaoamini kwamba kikirefuka ndicho kinachomletea mtoto kikohozi kisichokoma, na wapo watu kijijini wenye kisu cha kukikata. Kukikata hakutibu mapafu. Kunaleta damu na vidonda, na juu ya hayo kunakula usiku mzima ambao mtoto hana.

Mama wa mtoto hakubishana na mkwewe. Alisema, "Sawa mama, nimekusikia. Ila naomba kwanza nimwite mke wa katekista amwangalie."

Mke wa katekista alikuwa mmoja wa wanawake sita wa kigango chetu waliohudhuria semina ya afya ya mtoto mwaka 2019, ile iliyolipiwa na shirika letu. Alikuja na simu yake. Akamwomba mama amtulize mtoto mapajani, kwa sababu pumzi za mtoto anayelia au anayenyonya hazihesabiki sawasawa. Akainua fulana, akatazama kifua na tumbo, akahesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Alipata 64. Akahesabu tena, akapata 62. Halafu akaonyesha kwa kidole jambo ambalo sote wawili, mama na bibi, tulikuwa tumelitazama tangu jioni bila kuliona: kila mtoto alipovuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu ilibonyea kwenda ndani badala ya kutoka nje.

Hesabu yenyewe si ngumu, na tunaomba kila mjumbe aondoke nayo. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi zikifika 60 kwa dakika ni za haraka. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40. Mwenye kikohozi na pumzi za kasi hiyo apelekwe kwa mtoa huduma bila kungoja. Na akiwa hanyonyi au hanywi, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, hiyo ni safari ya hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ni hospitali tu, hatuna la zaidi.

Bibi alipoona ule mbonyeo alisimama mwenyewe akaanza kufunga kanga. Hatukusikia tena habari ya kimeo.

Sasa ikaja habari ya nauli. Ilikuwa saa tatu usiku, ukungu umeshuka, hospitali ya misheni iko umbali wa kilomita zaidi ya ishirini, na kijana wa bodaboda alitaka shilingi 35,000. Tulimwona mkali, lakini ukweli ni kwamba barabara ile usiku ina hatari, na pikipiki hata si yake. Nyumbani zilikuwapo shilingi 8,000. Mwenyekiti wa jumuiya aliamka kitandani, akavaa koti, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Huyu alitoa 2,000, huyu 500, mmoja alitoa sarafu za kibubu cha mtoto wake. Fedha zilipotimia ilikuwa saa tano na nusu. Saa mbili na nusu zilikwenda katika kugonga milango, na wakati wote huo mtoto alikuwa anaguna.

Hospitalini walimwekea kidoleni kile kipimo cha oksijeni. Kilisoma 84. Muuguzi alituambia kwamba chini ya 90 mtoto anapaswa kupewa oksijeni mara moja, naye akampa, kwa mirija miwili myembamba ya puani. Akachomwa sindano za ampisilini na jentamaisini. Usiku wa kwanza mama hakulala, alikuwa anahesabu pumzi yeye mwenyewe, maana alikuwa amekwisha kujifunza: 60, 58, 61, 55. Siku ya tatu asubuhi mtoto alitafuta ziwa. Siku ya sita tulirudi nyumbani.

Kuna swali tunaloulizwa kila mara: je, alikuwa amechanjwa? Ndiyo, alipata zote tatu, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wapo waliosema basi chanjo haina kazi. Tulimuuliza muuguzi, naye akatujibu kwamba zipo aina nyingi za vimelea vya nimonia, na chanjo huzuia baadhi yake, zile zinazoua zaidi. Chanjo ya Hib iliingizwa nchini mwaka 2009 ndani ya ile ya pentavalenti, na ile ya nimokoko ilizinduliwa Desemba 2012. Wauguzi wa zamani wa wodi ya watoto wanaweza kuwasimulia jinsi vitanda vilivyojaa kabla ya hapo. Kwa hiyo tunaendelea kuchanja.

Mwezi uliofuata jumuiya yetu ilianzisha kibubu cha nauli ya usiku. Kila kaya hutoa shilingi 500 kwa mwezi. Fedha hukaa kwa mama mmoja anayeishi karibu na njia, si benki wala si ofisini kwa paroko, Baba atusamehe. Kanuni yake ni moja: fedha hutoka bila kikao. Mgonjwa akipita mlangoni, mama hutoa, na maelezo yanafuata Jumapili. Wapo walioogopa wizi. Mpaka sasa kilichopungua ni shilingi 4,000 tu, na tunajua zilikokwenda.

Mwalimu wetu aliugua Julai 2023. Yeye alianguka ghafla. Saa nne alikuwa anafundisha, saa sita anatetemeka hadi meno yanagongana, na jioni kichomi upande wa kulia. Katika duka la dawa aliuziwa dawa ya malaria bila kupimwa, ingawa kwa urefu wa milima yetu malaria si ugonjwa wa kila nyumba. Siku ya pili makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Zahanati, ambayo safari hii ilikuwa wazi, walimpima malaria hawakuikuta, wakamsikiliza kifua, wakampa amoksisilini. Walimshauri pia apime VVU, akapima. Tunalisema hilo kwa sababu mkoa wetu wa Njombe umekuwa na maambukizi makubwa kuliko mikoa mingine nchini, na mtu anayepata nimonia ana haki ya kujua hali yake, wala isiwe aibu kuulizwa. Homa ilishuka siku ya tatu. Hapo ndipo wengi huacha vidonge na kuvitunza kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Mke wake alikuwa anamhesabia kila asubuhi na jioni mpaka karatasi ikaisha.

Lakini tunalotaka hasa mlisikie kutoka kwake ni habari ya baada ya hapo, kwa sababu haisimuliwi. Baada ya wiki moja alirudi kazini. Shule iko juu ya kilima. Njia aliyokuwa akiipanda huku akizungumza na wanafunzi, sasa aliipanda kwa kukaa juu ya jiwe mara tatu. Akiandika mistari miwili ubaoni, jasho. Alasiri alikuwa analala kama mtoto. Watu wakaanza kusema, "Mwalimu, si umepona wewe? Mbona unajikongoja?" Wengine walinong'ona mengine, mnayajua. Yeye mwenyewe alianza kuamini kwamba kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Kikohozi kilipozidi wiki mbili alipelekwa kupima makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, jambo ambalo ni sahihi kabisa na kila mwenye kikohozi cha wiki mbili alifanye. Hakikuonekana.

Ni daktari wa hospitali ya misheni aliyemtoa hofu. Alimweleza kwamba taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, iliwaagiza madaktari wawaambie wagonjwa mapema mambo haya: homa kwa kawaida inakwisha ndani ya wiki moja, kufikia wiki ya nne maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana, wiki ya sita kikohozi na kuhema vipungue sana, mwezi wa tatu dalili nyingi ziwe zimekwisha lakini uchovu unaweza kubaki, na wengi hurudi hali yao kamili kufikia mwezi wa sita. Mwalimu anasema maneno hayo yalimsaidia kuliko vidonge vya vitamini alivyonunua kwa shilingi 15,000. Laiti angeambiwa siku ya kwanza.

Kamati zetu zina utaratibu mzuri wa kutembelea wagonjwa hospitalini. Tunakwenda na sabuni, sukari na uji, tunasali, tunapiga picha kwa ajili ya ripoti. Mgonjwa akiruhusiwa, jina lake linafutwa katika daftari. Lakini aliyeruhusiwa bado ana wiki sita ambazo hawezi kushika jembe, na Julai na Agosti shamba halimngoji mtu. Wanawake wa WAWATA waliochimba viazi vya mwalimu kwa siku mbili hawakuandikwa katika ripoti yoyote, na msaada wao ulikuwa mkubwa kuliko wa sabuni. Yule Msamaria mwema hakuishia kumfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni. Aliacha fedha, na akaahidi kurudi.

Tumalizie na mzee, ambaye anatuhimiza tufupishe kwa sababu ana njaa. Machi 2024 yeye hakukohoa, wala hakuwa na homa ya kuonekana. Alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akamwita binti yake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akataka kwenda shambani usiku wa manane. Jirani mmoja alisema ni ulanzi. Mwingine alisema amerogwa. Ulanzi hakuwa ameuonja tangu Kwaresima ilipoanza, na hilo linamuudhi mpaka leo. Kumbe kwa wazee nimonia inaweza kuja hivyo, kichwa kinachanganyikiwa kabla kifua hakijasema. Binti yake aliona midomo inabadilika rangi na baba anahema haraka, akachukua fedha za kibubu. Safari hii dakika ishirini baadaye walikuwa njiani.

Walifika katika kituo cha afya kilicho karibu zaidi, na hapa ndipo penye habari ya mashine. Mashine ya kuzalisha oksijeni ilikuwapo. Tuliiona kwa macho yetu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ina kibao kizuri chenye jina la waliotoa. Mashine hizo huvuta hewa hii ya kawaida, ambayo sehemu kama 21 katika 100 ni oksijeni, zikachuja naitrojeni ikabaki oksijeni ya kumpa mgonjwa. Lakini zinatumia umeme saa zote. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, na jenereta lilikuwa halina dizeli. Muuguzi wa zamu, binti mdogo, alisimama kati ya mgonjwa na mashine, hana la kufanya. Aliandika rufaa, akatusaidia kumbeba mzee hadi kwenye gari la mtu aliyekuwa anapeleka mbao. Hospitalini alipewa oksijeni ya mtungi, akalazwa siku kumi na moja.

Wafadhili wetu wapendwa, hatusemi haya kwa kukosa shukrani. Mashine ile ni ghali na ilitolewa kwa moyo. Tunasema kwa sababu tumeona fomu za maombi ya miradi, na zina nafasi ya kuandika bei ya mashine, lakini hazina nafasi ya kuandika dizeli, wala fundi, wala chujio la kubadilisha. Kama fedha hazitoshi vyote, sisi tunaona afadhali mashine moja yenye dizeli ya mwaka mzima na fundi anayepigiwa simu, kuliko mashine tatu zilizofunikwa vitambaa. Daktari anaweza kuwa na maoni mengine. Sisi ndio tuliokuwa chini ya kitambaa.

Na ile semina ya mwaka 2019 haijarudiwa. Kati ya wanawake sita waliofundishwa, wawili wameolewa mbali, mmoja amehamia Makambako kwa biashara, mmoja ametangulia mbele ya haki. Wamebaki wawili kwa kigango chenye vitongoji vitano. Tumewaomba viongozi waiweke tena katika bajeti ya mwaka ujao, na safari hii waalikwe na akina bibi, maana wao ndio wanaosikilizwa usiku.

Mke wa katekista tumekuja naye. Ni yule aliyekaa nyuma karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Wakati wa chai, mjumbe yeyote anayetaka kujifunza kuhesabu pumzi amfuate. Amemleta mjukuu wake wa miezi saba kwa kazi hiyo, ni mzima kabisa, na ameahidi kutolia. Njooni na simu yenye saa.